Kuandika Juu ya Mawe ya Mwidani

Jumatatu, Machi 18. Likoni

Jalila alikuja kufuturu na mimi leo, na tangu aingie alikuwa na neno mdomoni. Namjua mwanangu. Akitaka kusema jambo zito huanza kwa kunisifia mapishi.

"Mama, muhogo wako wa nazi hauna mfano."

"Sema," nikamwambia.

Babake, Mwidani, anafanyiwa maonyesho. Zitawekwa sanamu zake zote za mawe, tangu za ujanani hadi za leo, katika ghala moja huko Changamwe, mwezi wa Juni. Anayeyatayarisha ni mama mmoja aitwaye Roseline. Kutatolewa kijitabu, na ndani yake inatakiwa makala ya uhakiki. Mwidani amesema makala hiyo ataiandika Mwanatatu, ama isiandikwe kabisa.

"Mwanatatu gani?" nikauliza, kama jina si langu.

"Mama, jamani!"

Ni zaidi ya miaka ishirini tangu nimwombe Mwidani talaka yangu akanipa. Maisha yangu yote nimesomesha Kiswahili, na kwa miaka mingi nilikuwa na safu ya sanaa gazetini, hadi gazeti lenyewe likafa. Nimewahakiki washairi, waigizaji na wachoraji wa Mombasa nzima. Mwidani sijamwandika hata sentensi moja. Nilipokuwa mkewe niliona si vizuri kumsifu mume wangu gazetini. Tulipoachana niliona si vizuri kumsema.

Nimemwambia Jalila nitafikiri. Ameondoka akitabasamu, kana kwamba nimekwisha kukubali.

Jumanne, Machi 19

Mawingu tangu asubuhi, joto la kukaba koo, na mvua haikunya. Nimekubali.

Jumamosi, Machi 23

Nimekwenda Changamwe kuliona ghala. Liko nyuma ya barabara ya Magongo. Zamani lilikuwa la kahawa, na harufu bado imekaa kutani. Roseline alinipokea kwa mikono miwili. Amezaliwa hapo hapo Changamwe, babake akifanya kazi reli, ila amekaa Nairobi sana na ulimi wake umepata mazoea ya huko.

"Mwalimu, mimi nakuachia uandike vile unataka," akasema. "Bora tu isipite kurasa sita. Na iwe Kiswahili. Wote wameandika juu yake kwa lugha za watu."

Nimeyasoma hayo waliyoandika. Karibu kila mmoja amesema Mwidani haziweki nyuso kwenye sanamu zake kwa sababu ni Mwislamu anayeogopa dhambi. Niliwahi kumuuliza jambo hilo tukiwa vijana. Alinijibu, "Nyuso zinanichosha. Mtu akiona uso hatazami kitu kingine."

Kazi moja imekwisha kufika ghalani: Milango. Sikuwa nimeiona tangu ilipotoka uani kwangu. Mwaka ule wa vurugu za Likoni, majirani zetu wengi waliotoka bara walihama kwa hofu. Milcah, aliyekuwa akiniita juu ya ua kila asubuhi kuniuliza nimepika nini, aliondoka na watoto wake na godoro moja, na hakurudi tena. Nyumba zikabaki zimefungwa. Mwidani akawa anapita mlango kwa mlango. Hakuchora wala hakupima, aliweka tu kiganja juu ya kila kitasa. Kisha akaanza kuchonga. Ni mabamba ya mawe yenye urefu wa mtu, matupu, hayana nakshi hata moja. Ila pale pa kitasa pana kibonyeo kidogo, laini, kama pahali ambapo mkono wa mwenye nyumba umepasugua miaka na miaka.

Niliuweka mkono wangu kwenye mlango wa Milcah. Roseline aliona, akageuka kando akajifanya anazikagua taa za darini.

Jumapili, Machi 24

Sikuandika kitu. Nilimkumbuka Milcah mchana kutwa.

Jumamosi, Machi 30

Jalila amenipeleka Mwakirunge. Mwidani alihamia upande ule kufuata mawe, na nyumba yake iko kabla hujafika machimboni. Vumbi jeupe limetanda kila kitu, mpaka majani ya migomba. Alinipokea mlangoni na kanzu yake ya nyumbani, amekonda, vidole vimepinda na vinatetemeka kidogo.

"Karibu, Mama Jalila. Ua ni wako."

Swabra, mkewe, alitoka nyuma yake na mkongojo. Alipata kiharusi mwaka juzi. Niliposikia nilimtuma Jalila ampe pole, mwenyewe sikwenda.

"Shikamoo, Da Mwanatatu."

"Marahaba. Wajionaje?"

"Alhamdulillahi. Nasogea."

Ua wote umejaa kazi. Nilizunguka na kalamu yangu kwa muda mrefu, huku Mwidani amekaa kivulini. Kazi za zamani zimenitoa jasho. Ile ya wachukuzi wa bandarini, migongo imepandana kama magunia, bado ina nguvu ile ile. Sanamu ya mamake akipepeta mchele bado naisikia sauti yake.

Halafu kuna kazi za hoteli. Kwa muda wa miaka kumi hivi Mwidani alichongea hoteli za ufukweni: kasa, pomboo, mabinti wenye mitungi. Zilizorudishwa hoteli zilipofungwa zimesimama hapo uani, zimesuguliwa zikang'aa. Hazina kosa lolote, na hazina kitu.

Karibu na mlango wa jikoni kuna mwanamke aliyekaa kwenye kibao, kazi mpya, jiwe kubwa. Nilisimama mbele yake kidogo, nikaandika "zito, halina pumzi," nikaenda zangu kuwatazama tena kasa.

Swabra alitaka tubaki tufuturu. Nikamwambia tuna safari ya kurudi Likoni na kivuko hakitabiriki. Tukaondoka.

Jumatano, Aprili 3

Mvua ya kwanza. Kidogo tu, ya kuamsha harufu ya udongo. Nimefungua madirisha yote.

Jumamosi, Aprili 6

Leo nilianza kuandika juu ya Milango, nikajikuta naandika juu ya ua wetu.

Tulikuwa na nyumba ya vyumba viwili na ua mkubwa kuliko nyumba. Vumbi la mawe lilikuwa ndani ya chai, ndani ya kitanda, kwenye nywele za Jalila akatoka mtoto mwenye mvi. Nilikuwa nikirudi shuleni mchana, sijavua hata buibui, na Mwidani ananiita: "Simama hapo. Hai au si hai?" Nami nasimama na mkoba wangu wa madaftari begani, nalitazama jiwe. Nikisema "hai," anaimba hadi magharibi. Nikisema "bado," ananuna, hali, anasema mwalimu wa sarufi anajua nini kuhusu mawe. Asubuhi naisikia nyundo yake inagonga kabla ya adhana kumalizika, anarekebisha pale pale nilipopanyooshea kidole.

Sitasema nilikuwa na furaha kila siku. Lakini macho yangu yalikuwa na kazi.

Kisha akaenda Mwakirunge kufuata mawe, akamkuta Swabra. Alikuja akaniambia mwenyewe, kwa adabu, kwamba angependa kuoa wa pili. Nami nikamwambia, kwa adabu vile vile, kwamba basi na aniache.

Jumatano, Aprili 10

Idi. Jalila ameleta halua na kitambaa cha gauni. Mwidani amepiga simu kunitakia Idi njema, jambo ambalo hajalifanya miaka mingi. "Unaandika?" akaniuliza. "Naandika." "Usinihurumie." Nikamwambia sina mazoea hayo.

Jumatatu, Aprili 15

Mvua. Ukurasa mmoja na nusu. Mzuri.

Alhamisi, Aprili 18

Mvua. Paa la jikoni linavuja pembeni. Nimefuta ule ukurasa mzuri, ulikuwa unajipenda.

Jumanne, Aprili 23

Makala imekwisha. Nimeisoma kwa sauti chumbani, kama nilivyokuwa nikiwaamuru wanafunzi wangu wafanye. Sehemu ya Milango na wachukuzi ndiyo bora kati ya yote niliyopata kuandika, nathubutu kusema. Juu ya miaka ya hoteli nimesema kweli: "Kasa hawa wanamchekea mgeni kama wahudumu wa mapokezi. Mwidani aliyajua mawe vizuri mno hata akaweza kuyafundisha kudanganya." Na juu ya kazi za karibuni mistari miwili: "Mwanamke aliyekaa ni jiwe zito lisilo na pumzi. Mkono umechoka, na jiwe limejua."

Nimempelekea Roseline na kumpa Jalila nakala ya babake.

Jumamosi, Aprili 27

Jalila amepiga simu. Hakuanza na mapishi.

"Mama, Baba hali. Amekaa pale uani tangu juzi, kwenye kibanda, anawaangalia wale kasa. Mvua inamnyea miguuni."

"Aliniambia nisimhurumie."

"Hukumhurumia, hongera." Nikasikia gari zinapita kwake. "Mama, nataka kukuuliza. Ulipoandika hayo, uliandika kama nani?"

Nikamjibu kwa hasira kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, hataniambia yeye namna ya kuandika. Akasema, "Haya, Mama," akakata simu.

Jibu la kipumbavu kabisa. Mtu wa umri wangu.

Jumatatu, Aprili 29

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Redio inataja barabara zilizofungwa. Nimeisoma makala tena. Sioni neno la uongo.

Alhamisi, Mei 2

Roseline amepiga simu. Mwidani amezifunika kazi zote kwa maturubai na kumwambia maonyesho hayapo. Hata Milango anataka irudishwe.

"Mwalimu, mimi sikulaumu," akasema. "Kusema ukweli hiyo makala ni moto. Lakini mzee ana miaka karibu sabini, na mikono yake umeiona. Hii kitu isipofanyika mwaka huu, sijui kama itafanyika."

Nilikuwa tayari kusimamia kila neno mbele ya mtu yeyote. Lakini swali la Jalila halikuniuliza kama maneno ni ya kweli. Liliniuliza nilikuwa nani nilipoyaandika.

Ijumaa, Mei 3

Nimetafuta karatasi nilizoandika siku ile ya Mwakirunge. Kasa: kurasa mbili. Wachukuzi: kurasa tatu, na michoro. Mwanamke aliyekaa: maneno matatu. Mimi sijapata kuhukumu kazi ya mtu yeyote kwa maneno matatu. Wanafunzi wangu ningewarudishia daftari kwa kosa hilo.

Jumanne, Mei 7

Nitajaribu kuandika yote kama yalivyokuwa.

Nilitoka asubuhi bila kumwambia Jalila. Kufika Kisauni mvua imekuwa kama ukuta, na dereva wa tuktuk akaniteremsha mbali na nyumba, akasema hapo mbele injini yake itakunywa maji. Nikaenda kwa miguu, viatu mkononi, matope meupe yamenifika magotini. Nilikuwa natoa salamu mlangoni huku nimelowa kama mtu aliyetolewa baharini.

Swabra ndiye aliyefungua. Alinitazama, kisha akaita ndani, "Leta leso kavu! Ni Da Mwanatatu!" na aliyekuja na leso ni Mwidani mwenyewe. Akanipa, akarudi kukaa.

Nilibadilisha nguo, nikaletewa chai ya tangawizi. Tulikaa watu watatu katika chumba kimoja, kwa mara ya kwanza tangu dunia iwe dunia. Nikaona bora niseme kabla chai haijapoa.

"Baba Jalila, nimekuja kuhusu yale niliyoandika. Niliyoyasema juu ya kasa sitayaondoa."

"Sikukwambia uyaondoe," akasema. "Yale nimeyakubali. Nimewaangalia siku zile zote, umesema kweli, walidanganya, nami nilijua. Kwani kwa nini nilitaka uandike wewe? Wako wengi wa kunisifu."

"Basi mbona umefunika kila kitu?"

Alinyoosha kidole kuelekea mlango wa jikoni.

"Kwa sababu ya yule. Yule hukumtazama, Mama Jalila. Ungemtazama ukasema amekufa, ningekubali. Lakini ulipita tu. Mimi siwezi kuwapeleka wengine nikamwacha yeye, na siwezi kumpeleka na maneno yale."

Swabra aliweka kikombe chake chini.

"Haya, Da Mwanatatu, twende ukamtazame," akasema. "Mvua imepungua."

Akatangulia na mkongojo wake, mimi nikafuata. Mwidani alibaki. Swabra akavuta kona ya turubai, nikamsaidia, likaanguka na maji yake. Nikasimama pale pale niliposimama mara ya kwanza: magoti, mikono, leso iliyoshuka hadi chini, bonge la jiwe.

"Hapo sipo," akasema Swabra. "Bwana wangu hakuwa hapo. Alikuwa huku nyuma."

Na akanieleza, amesimama kwenye mlango wa jikoni, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za sokoni. Alipotoka hospitali, upande wake wa kushoto ulikuwa haumsikii. Daktari akasema kila asubuhi akae kwenye kibao cha chini na ajaribu kuinuka mwenyewe, na mtu asimshike, maana akishikwa mguu hautajifunza tena.

"Basi mimi nakaa hapa, baada ya chai, najaribu. Na huyu bwana anasimama hapa mlangoni, nyuma yangu, mikono ameifunga nyuma asije akanidaka. Nikianguka, naanguka. Nilikuwa nikimsikia anavyopumua. Asubuhi nyengine alikuwa akilia, akidhani sisikii. Miezi, Da Mwanatatu. Siku niliyosimama alikwenda moja kwa moja kuchukua tindo. Hata hakuniambia hongera."

Akacheka. Nikazunguka.

Sijui nianzie wapi. Mgongo ule una pande mbili. Upande wa kulia amelainisha jiwe hata maji ya mvua yanateleza juu yake kama juu ya ngozi. Upande wa kushoto ameuacha vile vile ulivyotoka machimboni, na matundu yake yote, na katika kila tundu maji yamekaa. Upande mmoja unauvuta mwenzake. Mkono wa kulia umekandamiza goti. Nikainama nitazame chini, nikaona kitu ambacho leso ya mbele inakificha: kati ya mwili na kibao pana mwanya, mwembamba, na mwanga wa uani ulikuwa unapita ndani yake.

Hajakaa. Ameshaanza kuinuka.

Niliandika "mwanamke aliyekaa." Sikuwa nimezunguka. Mtoto wa kidato cha kwanza angezunguka.

Na ningesema ni haraka, au saumu, au jua. Lakini niliposimama pale nyuma, pahali pa Mwidani, nilijua. Siku ile niliona ni Swabra, na mara tu nilipoona ni Swabra nikayafumba macho yangu huku yamefunguka. Sikutaka jiwe lile liwe hai.

Swabra alirudi ndani taratibu kuangalia maji ya chai. Mwidani akaja, akasimama karibu nami bila mwavuli.

"Mbona hukuniambia siku ile?" nikamuuliza.

"Nikwambie nini? Kwamba yuko hai? Wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia mimi."

Nikasema neno ambalo sikulipanga. Lilitoka lenyewe, na sauti yake sikuipenda. "Mimi hukunichonga hata mara moja."

Hakushtuka. Alipangusa maji usoni kwa mkono wa kanzu, akafikiri.

"Nilijaribu. Wallahi nilijaribu. Nikianza tu, wewe unarudi shule, unakuja kusimama ubavuni mwangu kutazama. Na ukiwa ubavuni mwangu mimi sikuoni. Naona jiwe tu." Akaligusa jiwe begani. "Vipande vya jiwe hilo vipo kwenye msingi wa jikoni kwako. Kama hukujua."

Sikujua. Nilicheka nikiwa nalia, au kinyume chake. Kwenye mvua haiwezekani kujua.

"Andika tena," akasema. "Ukiona hana pumzi, andika vile vile hana. Lakini zunguka."

"Na kasa?"

"Kasa waache. Kasa umewapata."

Jumatano, Mei 8

Homa. Jalila amekuja na dawa, na maneno mengi kuhusu wazee wanaotembea kwenye mafuriko. Nilimwomba radhi kwa jibu langu la simu. Akanikandia miguu, akasema, "Mama, muhogo ule ulikuwa kweli mzuri."

Ijumaa, Mei 10

Bado homa. Nimeandika mstari mmoja, nimeubakisha.

Jumanne, Mei 14

Naandika juu ya mgongo. Fani na maudhui, niliwaambia wanafunzi miaka yote ile, havitenganishwi, na nilikuwa nikisema kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Leo nilitaka kueleza kwa nini upande wa kushoto wa jiwe haukusuguliwa, nikaona siwezi kulieleza jiwe bila kuueleza ugonjwa, wala ugonjwa bila jiwe. Nikaacha kujaribu kuvitenganisha.

Jumamosi, Mei 18

Nimemaliza. Nimeongeza sentensi moja inayosema kwamba mara ya kwanza nilipita bila kuzunguka. Nimefikiria kueleza sababu. Nimeamua sababu ni yangu, msomaji anastahili kulijua kosa tu.

Safari hii nilimpelekea Mwidani kwanza. Jalila anasema aliisoma amesimama, akampa Swabra, akaenda kuondoa maturubai.

Jumatatu, Mei 20

Roseline anataka jina la yule mwanamke wa jiwe, la kuandika kwenye kibao cha maelezo. Mwidani anasema yeye hajui majina. Swabra ameulizwa, akasema iitwe Asubuhi.

Jumamosi, Juni 1

Lori lililombeba Asubuhi limekwama Mwakirunge. Mvua imelegea lakini njia imekuwa uji. Roseline alinipigia akiwa hapo hapo, nasikia wanaume wanapiga kelele, "Sukuma! Bado! Sukuma!" na yeye anasema, "Mwalimu, ameinama, ameinama upande, Mungu wangu." Nilikaa na simu sikioni hadi nikasikia injini inanguruma na watu wanashangilia. Amefika Changamwe wakati wa magharibi. Amepata mkwaruzo begani. Mwidani amekataa usuguliwe.

Jumatano, Juni 5

Jua. Nimeanika magodoro.

Jumapili, Juni 9

Maonyesho yalifunguliwa jana mchana.

Sikutegemea watu wengi vile. Walikuja walimu, wachukuzi wawili watatu wa zamani waliotaka kuiona migongo yao jiweni, na wanafunzi wenye simu zao. Walikuja pia kina mama wa Likoni waliovuka kivuko na mabaibui mapya, wakaenda moja kwa moja kwenye Milango wakaanza kubishana upi ni wa nani. Roseline alikuwa anakimbia huku na huku, sauti imemkauka. Kasa wamewekwa pembeni chini ya dirisha, na sentensi yangu juu yao imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Mwidani alikuwa anawaonyesha watu, anacheka: "Soma, soma hapo, huyo alikuwa mke wangu."

Asubuhi, yule mwanamke wa jiwe, amewekwa katikati ya ghala, pasipo ukuta nyuma yake. Hilo lilikuwa shauri langu. Watu walikuwa wanafika mbele, wanasimama kidogo, kisha wanazunguka, na kule nyuma wanakawia.

Swabra alikuja na Jalila, amevaa gauni la kijani, mkongojo umefungwa utepe. Alitafuta hadi akaniona. Alikuwa na kijitabu mkononi.

"Da Mwanatatu, nisomee yale yangu."

"Hukuyasoma?"

"Nimeyasoma hata nimeyajua. Nataka kuyasikia kwa kinywa chako."

Nilitazama pande zote. Mwidani alikuwa mbali, kwenye Milango, na kina mama wa Likoni wamemzunguka. Nikafungua kijitabu. Nikasoma polepole, kama nilivyosoma mbele ya madarasa maisha yangu yote.

"Ukisimama mbele yake utadhani amekaa. Wengi watasimama hapo, na mimi nilisimama hapo mara ya kwanza, nikapita. Zunguka. Mgongo huu una pande mbili. Wa kulia umelainishwa hata jiwe limekuwa ngozi. Wa kushoto umeachwa na matundu yake, kama ulivyotoka machimboni, na wa kulia unauvuta. Uti wa mgongo umepinda kuufuata upande unaofanya kazi. Chini, kati ya mwili na kibao, pana mwanya unaopitisha mwanga. Mwanamke huyu ameshaondoka kwenye kibao, na hakuna aliyemwinua. Aliyemchonga alikuwa nyuma yake, karibu kiasi cha kumshika, na hakumshika. Kila alama ya tindo hapa ni ya mkono uliojizuia."

Nilipoinua macho, watu waliokuwa karibu walikuwa wamesogea. Jalila alikuwa anatazama sakafu. Swabra alikuwa ameegemea mkongojo kwa mikono yote miwili, uso ameuelekeza kwenye mgongo wake wa jiwe.

"Hapo pa kuondoka kwenye kibao," akasema. "Hebu parudie, dada yangu."

Nikaparudia.